Namba 7 Yako Ina Digrii Ngapi?

Kabla hujauliza bei ya seti ya vyuma vya gofu, zile fimbo zenye kichwa cha chuma na namba, uliza digrii. Namba iliyochongwa kwenye soli, upande wa chini wa fimbo, si kipimo, ni jina tu, na kila kiwanda hulibandika kinapotaka. Kinachoamua mpira ufike wapi na utue vipi ni lofti, yaani kiasi ambacho uso wa fimbo umelazwa nyuma, na lofti za vyuma zimekuwa zikipungua mwaka baada ya mwaka. Chukua fimbo mbili zinazojulikana: namba 7 ya Titleist T100 ina digrii 34, namba 7 ya Ping G430 ina digrii 29. Tofauti hiyo ya digrii 5 ni zaidi ya fimbo nzima. Anayezijaribu zote mbili akaona G430 imemvusha mita 12 zaidi asidhani amepata nguvu mpya. Amepiga fimbo ambayo zamani ingeandikwa 6, pengine 5.

Hilo peke yake si dhambi. Kwenye vichwa vya aina hiyo uzito umeshushwa chini na kusukumwa nyuma, ili mpira upande hata kama lofti ni ndogo. Kwa mwenye kasi ya kutosha, hupanda kweli. Kwa mwenye mkono wa pole, mpira hutoka chini, unazunguka kidogo, unagonga grini, pale kwenye nyasi fupi penye shimo, na kukimbilia nyuma yake. Vipimo vya TrackMan, rada inayofuatilia mpira, vya wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani vinaonyesha namba 7 yao inazungusha mpira takriban mara 7,000 kwa dakika na kuutua kwa pembe ya digrii 50 hivi. Wewe huhitaji kufika huko, lakini pembe ya kutua ikishuka chini ya 45, ujue grini ngumu haitaushika mpira wako. Ukipimwa kwa mashine, usikodolee macho umbali peke yake. Omba uonyeshwe pembe ya kutua, halafu tazama mipira kumi ilivyotawanyika mbele na nyuma. Seti inayokupa mita 135 mara nane kati ya kumi inashinda ile ya 150 leo na 128 kesho.

Lofti ndogo juu huacha pengo chini, na hapa ndipo wengi hupoteza mapigo bila kujua chanzo. Pichi ya G430, yaani weji (fimbo fupi ya lofti kubwa) inayofuata namba 9, ina digrii 41. Ukiweka hiyo begini pamoja na ile weji yako ya zamani ya mchangani ya 56, katikati kuna digrii 15 tupu, zaidi ya mita 30 ambazo huna fimbo yake. Utabaki kupiga nusu mkono kila mara ukiwa mita 80, na nusu mkono ndilo pigo gumu kuliko yote kwa anayecheza mara moja kwa wiki. Panga lofti zote kwenye karatasi, kuanzia chuma kirefu hadi weji ya mwisho, uhakikishe hatua ni digrii 4 hadi 5. Kwa pichi ya 41, utahitaji ya 46 na ya 51 kabla ya 56. Begi linaruhusiwa fimbo 14 tu, kwa hiyo nafasi hizo zitoke juu: achana na namba 4, na kama namba 5 haipandi, weka haibridi, fimbo iliyo katikati ya chuma na mbao. Kwa mcheza klabu wa kawaida, namba 4 ya chuma ni mzigo wa kedi, mbeba begi.

Kuhusu umbo la kichwa nitasema machache. Chenye uvungu nyuma na soli pana kinasamehe pigo lililotoka ncha (upande wa mbali nawe) au kisigino (upande wa shafti). Chembamba kilichofuliwa kinakupa hisia safi na kinaadhibu. Handikepu, yaani mapigo unayoruhusiwa kuzidisha juu ya kiwango cha uwanja, ikiwa juu ya 12, nunua msamaha.

Uzito wa shafti, ule mti wa fimbo, una maana kuliko herufi ya ugumu, R au S, iliyoandikwa juu yake, kwa sababu herufi hizo hazina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. Dynamic Gold S300 inakaribia gramu 130. Nippon N.S. Pro 950GH iko karibu na gramu 95 hadi 98 kutegemea ugumu. Grafaiti nyingi za vyuma huangukia kati ya 50 na 80. Tofauti ya gramu 30 utaisikia kuanzia shimo la 13, miguu inapochoka: mikono inabaki nyuma, uso wa fimbo unachelewa kufunga, mpira wa mwenye mkono wa kulia unaanza kukimbilia kulia. Ukiona kila mara mashimo tisa ya kwanza ni mazuri na tisa ya pili yanaharibika kwa namna ileile, shuku uzito kabla hujashuku kichwa chako. Kama namba 7 yako inaruka chini ya mita 120 angani, anza na chuma chepesi au grafaiti. Kati ya 120 na 140, shafti za gramu 95 hadi 110 zinatosha. Hizi ni sehemu za kuanzia tu. Mkono wako ndio utakaosema.

Sasa mlalo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi, kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji kabisa. Fimbo iliyosimama mno huinua ncha wakati wa kupiga, na mpira wa mwenye mkono wa kulia huenda kushoto hata kama pigo ni safi. Iliyolala mno hugusa chini kwa ncha na kuupeleka mpira kulia. Kadiri lofti inavyokuwa kubwa, ndivyo kosa linavyokua, ndiyo maana weji huonyesha ugonjwa huu kabla ya namba 5.

Kupima hakuhitaji duka. Chukua kalamu ya wino ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira, uuweke mstari ukiwa wima ukiutazama uso wa fimbo, kisha piga kawaida. Wino utaacha alama usoni. Ikikata mifereji ya uso kwa pembe mraba, mlalo ni sawa. Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Kikiinamia kisigino, imelala mno. Piga mipira mitano, futa baada ya kila mmoja, na usiamue kwa alama moja. Na usikubali kurekebishiwa kwa kusimama tu mbele ya kioo, kwa sababu shafti hupinda kuelekea chini wakati wa pigo na mikono huinuka kuliko ilivyokuwa ukijipanga.

Kurekebisha ni kukunja shingo, pale shafti inapoingia kichwani, kwenye mashine yake. Chuma laini kilichofuliwa hukubali digrii 2 bila malalamiko. Chuma cha pua cha kumimina, hasa kile cha aina ya 17-4, ni kigumu: digrii 1 ni salama, 2 ni kubahatisha, na shingo inaweza kukatika. Asije mtu akakukunjia kwenye jiliwa na bomba. Jambo lingine: ukipunguza lofti kwa digrii 1 kwa kukunja, unapunguza pia digrii 1 ya ule mwinuko wa soli unaoizuia kuchimba. Fimbo iliyokuwa ikiteleza juu ya nyasi itaanza kuzama.

Wengi wetu tunanunua seti za mtumba, na hakuna ubaya, mradi uzikague. Zisimamishe vichwa vikiwa chini, gripu zikiegemea ukuta, kuanzia ndefu hadi fupi. Vilele vishuke kwa ngazi sawa, sentimita 1.27 hivi kila moja. Ngazi moja ikiruka, shafti hiyo imebadilishwa au kukatwa. Soma lebo za shafti moja moja. Shika kila kichwa ukitikise karibu na sikio: kokoto ndogo inayocheza ndani ni gundi ya epoksi iliyovunjika. Tazama ile kola nyeusi ya plastiki juu ya shingo. Ikiwa imepanda na kuacha upenyo, kichwa kinaanza kutoka, na siku moja kitaruka kumfuata aliye mbele yako. Chungulia shafti kwa jicho moja kama fundi anavyochungulia ubao. Madoa ya kutu karibu na shingo ni mabaya kuliko ya katikati, maana hapo ndipo shafti huvunjika.

Kisha geuza uso wa namba 8, 9 na pichi, fimbo zinazofanyiwa mazoezi zaidi. Pitisha ukucha kwenye mifereji. Usipokwama, imekwisha. Utaona pia doa linalong'aa mahali mwenyewe wa zamani alipozoea kupiga, na doa hilo likiwa pana na limefuta mifereji, weji mpya utainunua tu. Kwa bidhaa bandia, tumia sumaku. Chuma cha kufua na cha 17-4 vyote huvutwa. Aloi ya zinki haivutwi. Herufi zenye kingo butu na uzito unaotofautiana sana kati ya fimbo mbili jirani ni dalili nyingine. Ukitaka kubadili shafti, pima tundu kwanza: kuna ncha zinazochongoka za inchi 0.355 na zenye unene ulio sawa za inchi 0.370, na kuingiza nyembamba kwenye tundu pana bila pete ya kujazia ni kutafuta ajali.

Uwanja unaochezea nao una kauli yake. Nairobi na viunga vyake, nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za hapa Afrika Mashariki, huuinua mpira vizuri feawei (njia iliyofyekwa kuelekea grini), lakini pembeni hukamata shingo na kuufunga uso ghafla. Mpira hutoka chini na kushoto. Hapo ongeza lofti, kaza gripu kidogo, fungua uso kabla ya pigo, na ukubali kurudi feawei. Pwani mambo hugeuka. Ardhi ya mchanga iliyokaushwa na kaskazi ni ngumu, nyasi ni fupi, na soli pana hudunda na kupiga tumbo la mpira. Anayecheza zaidi Mombasa au Dar aangalie soli ya wastani iliyochongwa ukingo wa nyuma. Anayecheza kwenye udongo mwekundu wakati wa masika atamshukuru aliyemshauri soli pana.

Halafu mwinuko. Viwanja vya Nairobi viko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa nyepesi huongeza umbali wa vyuma kwa asilimia 6 hadi 10. Namba 7 inayofika mita 140 Karen, Nairobi, itafika kati ya 127 na 132 Nyali, Mombasa. Ndiyo maana wageni kutoka bara hukaa fupi ya grini asubuhi nzima wakidhani upepo wa bahari ndio uliowaonea. Ongeza fimbo moja, hata bila upepo. Kumbuka pia kwamba hewa nyepesi haiushikilii mpira juu, kwa hiyo Nairobi hutua kwa pembe ya bapa zaidi. Aliyepimiwa seti pwani au ng'ambo, na mashine ikamwambia anatua kwa 45 kamili, akifika juu atakuwa chini ya hapo. Huyo achague lofti za kawaida badala ya zile zilizopunguzwa. Majedwali ya mtandaoni nayo mengi yako kwa yadi: yadi 150 ni mita 137.

Gripu zisikusubirishe. Pwani jasho na chumvi huzifanya ziteleze mapema, kwa hiyo zioshe kila wiki mbili kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, kisha zikaushe kivulini. Zikianza kung'aa, badilisha: kata ya zamani kwa wembe ukielekeza mbali na mwili, kwangua tepu yote, zungusha tepu mpya yenye gundi pande mbili na uache sentimita 1 ya kukunjia ndani ya tundu la juu. Ziba kitundu cha gripu kwa kidole, mimina waiti spiriti ndani, itikise, uimwage yote juu ya tepu, sukuma gripu kwa mkupuo mmoja. Mafuta ya taa huacha unyevu wa mafuta na gripu itazunguka mkononi. Petroli ni moto. Nyoosha alama zikiwa bado zinateleza, una dakika moja au mbili tu. Acha zilale usiku mzima kabla ya kupiga mpira wa kwanza.