Baridi yabisi, dagaa na vidonge sita vya Ijumaa

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, kwaiyo mikono ndo kazi yangu. Leo Jumamosi nimeamka na kichefuchefu kidogo maana jana usiku ilikua siku ya methotreksati, dawa yangu ya viungo, nimekunywa chai ya tangawizi na kipande cha muhogo, nimekaa naandika. Juzi kaja dada mmoja kuleta kitambaa cha dera, akaviangalia vidole vyangu, akanyoosha vya kwake bila kusema neno, vimevimba vilevile kulia na kushoto. Tuliongea masaa mawili, cherehani imezimwa, na bado sikumaliza, ndo maana naandika.

Kwangu hii baridi yabisi ilianza 2019. Asubuhi mkasi haushikiki. Sio maumivu peke yake jamani, ni kule kukaza, yani vidole havikunjiki mpaka saa nne ndo vinaanza kulegea, alafu uchovu kama umelima kutwa nzima na wewe umetoka kitandani sasa hivi. Mtaani kila mtu alikua na jibu lilelile, baridi. Usifue kwa maji ya baridi, usilale chini, zima feni, usioge usiku. Nilitii yote, nikavaa soksi kwenye joto la Tanga hili mnalolijua. Sasa naona ni jina linatupoteza. Baridi yabisi ni maneno ya tiba ya zamani iliyokuja na Waarabu, wao waligawa miili na magonjwa kwa joto na baridi, unyevu na ukavu, na yabisi maana yake ni kavu. Jina limebaki, lakini ugonjwa wenyewe ni kinga ya mwili kugeuka ikaanza kupiga utando wa ndani ya viungo, utando unavimba, na ukiachwa hivohivo unakula mpaka mfupa. Feni haina kosa.

Nilivotoka kwenye baridi nikaangukia kwenye nyama. Kituo kimoja walinipima yuriki asidi ikaonekana iko juu kidogo, wakasema gauti, yani ule ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki asidi ikizidi mwilini, acha nyama nyekundu, acha maharage, acha dagaa. Miezi saba! Sisi watu wa pwani ukituondolea dagaa na maharage tunakula nini, nikawa naishi kwa wali na mchicha, nikakonda, damu ikashuka, na vidole viko palepale. Gauti mara nyingi inavamia kiungo kimoja, ghafla, usiku, hasa dole gumba la mguu. Yangu ilikua vifundo vya vidole vya mikono yote miwili na chini ya nyayo, kila siku, taratibu. Mtu akikwambia una gauti muulize hilo kwanza.

Alafu kuna ule unga wa mitishamba. Siku tatu tu maumivu yote kwisha, nikashona mpaka usiku, nikamwambia mama nimepona. Baada ya miezi miwili uso umekua duara, miguu imejaa maji, na nikiruka siku mbili naumwa kuliko mwanzo. Daktari niliyekuja kumuona baadae alisema dalili zile ni za mtu anaemeza dawa ya jamii ya prednisoloni, yani steroidi, zile kali za kushusha uvimbe, bila kujua, huwa wanachanganya. Sisemi mitishamba yote iko hivo, nasema dawa ya viungo ikikuponya kwa siku tatu, iogope.

Mwaka mmoja na nusu umepita ndo nafika Dar kwa daktari bingwa wa viungo. Aliminya tu vifundo vya vidole, hivi, kimoja kimoja, akaniuliza asubuhi unakaza muda gani, akaandika vipimo vya damu: RF na anti-CCP, vya kuangalia kinga inayopiga mwili wenyewe, na ESR, ya kuangalia uvimbe mwilini uko juu kiasi gani. Anti-CCP ilikua juu sana na ESR 74. Nikaanzishwa prednisoloni kidogo kwa muda, na methotreksati vidonge vitatu vya miligramu 2.5, mara moja kwa wiki. Sasa hivi niko kwenye sita, miligramu 15, kila Ijumaa usiku baada ya kula, na Jumatatu namezea foliki, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, ya miligramu 5, hiyo foliki ndo inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, msiidharau.

Wifi yangu akasoma karatasi ya ndani ya boksi akanipigia simu analia, wifi unatumia dawa ya kansa na hutuambii! Nikaogopa nikaacha wiki sita. Ni kweli ilianza kama dawa ya kansa, lakini kwenye kansa inatolewa dozi kubwa mno, huku kwetu ni kidogo na kwa wiki mara moja, na Marekani waliipitisha rasmi kwa ugonjwa huu tangu 1988. Na haifanyi kazi leo kesho, inataka wiki sita mpaka kumi na mbili, kwaiyo mimi nilikimbia pale ilipokua inataka kuanza kunisaidia. Wifi simlaumu, alilia kwa mapenzi.

Sasa hapa naomba msome polepole. Siku moja nimenunua methotreksati famasi, nafika nyumbani naangalia kibahasha kimeandikwa 1×1. Kila siku! Aliyeandika alizoea dawa zingine. Methotreksati ya kila siku inaua watu, inazima uboho unaotengeneza damu. Bahati nilishakua mzoefu, lakini ningekua mgeni, au bibi asiyeona vizuri, je? Tangu hapo binti yangu anaandika IJUMAA kwa makapeni mekundu juu ya kila boksi.

La pili ni Septrin. Nilipata UTI, nikaenda duka la dawa kama tunavyoendaga wote, nikapewa Septrin, ile dawa ya kuua bakteria, sikusema natumia nini na wala sikuulizwa. Siku ya sita mdomo wote vidonda, homa, simezi hata uji. FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ikaonyesha chembe nyeupe zimeanguka vibaya, nikalazwa siku nne, nikafanyiwa vipimo kila asubuhi. Septrin na methotreksati zote mbili zinabana foliki, zikikutana zinaumaliza uboho. Kwaiyo sasa hivi nikiingia duka lolote la dawa neno la kwanza sio shikamoo wala habari, ni "natumia methotreksati". Na wale wadada wenye umri wa kuzaa, dawa hii na mimba haviendi kabisa, mimi niko kwenye uzazi wa mpango na daktari anajua, ukitaka mtoto unamwambia mapema akubadilishie kabla.

Chakula sasa, maana hilo ndo kila mtu ananiuliza. Madaktari wa viungo wa Marekani, American College of Rheumatology, mwongozo wao wa 2022 unapendekeza ulaji wa nchi za bahari ya Mediterania, samaki, maharage, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya zeituni. Zeituni bei yake siiwezi, lakini mengine yote si ndo ya kwetu? Nimerudisha dagaa wangu, nimerudisha maharage, vibua nakula mara tatu kwa wiki ila vya kuchoma au mchuzi, sio vya kuelea kwenye mafuta. Soda nimeacha, sukari nimepunguza, hasa kipindi kile cha prednisoloni maana inapandisha sukari. Nasikia nafuu ya uchovu, hilo naliapia. Lakini zile wiki sita nilizoacha dawa nilikua nakula hivihivi na vidole vikavimba.

Virutubisho mwongozo uleule hauvipendekezi sana. Omega 3 tafiti zipo zinazoonyesha inapunguza maumivu, ila dozi yenyewe ni karibu gramu 3 kwa siku za omega 3 yenyewe, na kile kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki cha gramu 1 ndani kina omega 3 kama miligramu 300 tu. Piga hesabu, vidonge kumi kila siku, kwa pesa ile nanunua vibua vya familia nzima. Manjano natumia kwenye mchuzi, vidonge vya manjano nimeviacha kwa sababu kuna watu ini limeumia kwa vile vidonge na mimi ini langu tayari linabeba methotreksati, kila miezi mitatu napima ini, figo na FBP. Kalsiamu na vitamini D natumia, prednisoloni inadhoofisha mifupa.

Asubuhi naloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, nakunja na kukunjua taratibu, dakika kumi, alafu natembea mpaka baharini na kurudi. Mkasi nimenunua mwepesi wa kujifungua wenyewe.

ESR ya mwezi uliopita ni 18. Nakata, napinda, natunga uzi bila kumuita mtoto. Kidole cha pete mkono wa kushoto ndo hakitanyooka tena, picha imeonyesha mfupa umeshalika, ni kile kipindi cha soksi na wali mtupu na ule unga. Pete nimeihamishia kulia.