Jina la mchoro lisimalize maneno

Jamani tuongelee majina ya michoro ya dhahania, ile ambayo huoni mtu wala nyumba, ni rangi na mistari tu. Mtu anapaka wiki nzima halafu jina analiokoteza dakika ya mwisho. Huzuni. Uhuru. Safari. Sasa ukishaniambia Huzuni mimi niangalie nini tena? Umeshanimalizia kazi.

Nina mchoro wangu hapa, kijivu tupu, tabaka juu ya tabaka, halafu kule chini kulia nilikwangua kwa kisu rangi ikiwa bado mbichi, ukatokea uzi mwembamba mwekundu wa tabaka la kwanza. Ningeuita Upweke ungekufa palepale. Kijivu na Nyekundu nayo ni kama risiti ya duka la rangi. Nikauita Kabla Hajarudi, basi kila anayesoma anauliza nani hajarudi, na akishauliza tu macho yanarudi kwenye ule uzi, hapo ndo nimempata.

Najua kuna wasiotaka majina kabisa. Jackson Pollock, mchoraji wa dhahania wa Marekani, mwaka 1947 majirani ndo walimsaidia kutafuta majina, ila kuanzia 1948 akahamia kwenye namba, na mkewe Lee Krasner (naye mchoraji, tena mkali) akaeleza kuwa namba haziegemei popote, zinamfanya mtu atazame mchoro wenyewe. Hoja ina mashiko, ila mbona ile Number 1 ya 1950 watu wengi wanaijua kwa Lavender Mist (ukungu wa zambarau), jina alilopendekeza mkosoaji Clement Greenberg? Binadamu anataka pa kushikia bwana.

Anayenikosha mimi ni Mondrian, mchoraji Mholanzi. Miaka kibao michoro yake mingi inaitwa Composition (mpangilio) tu, halafu akiwa New York, 1942 hadi 43, anatoa Broadway Boogie Woogie (Broadway ni barabara ya huko, boogie woogie ni muziki wa piano wenye mdundo wa kuchezesha), vimraba vya njano, nyekundu na bluu vinarukaruka kwenye mistari, na ukishalisoma jina huwezi tena kuviona vimetulia.

Mimi majina nayaokota kwenye maongezi ya watu, kipande cha sentensi kilichokatika, nakiweka kwenye simu mpaka kipate mchoro wake. Chenye kitenzi huwa kinakaa vizuri zaidi, sijui kwa nini. Na ukikwama kabisa tafadhali usituletee Haina Jina ya kwanza mpaka ya kumi na tano, siku mtu akipiga simu anautaka mmoja atautajaje?