Ua la Usambara lililopewa jina la bara zima

Kati ya miche yote ninayouza kando ya barabara hapa Mwenge, Dar es Salaam, mmoja ndio wateja huuliza sana asili yake: ule mfupi, wenye majani ya vinyweleo na maua ya zambarau. Wengi huamini umeletwa kutoka Ulaya, maana jina wanalolijua ni la Kiingereza, "African violet".

Jina hilo linaniudhi. Violet yenyewe ni mmea wa ukoo mwingine kabisa. Huu wetu umefananishwa nayo kwa sura ya ua tu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, aliuona huko kwenye milima ya Usambara, Tanga, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaupa jina la kisayansi: Saintpaulia ionantha. Saintpaulia ni heshima kwa familia ya ofisa huyo. Ionantha ni Kigiriki, maana yake wenye maua kama violet. Milima ulikookotwa haimo. Kwa Kiingereza ikabaki violet, ikabandikwa Afrika.

Wajerumani, pamoja na yote waliyotufanyia, wao husema Usambaraveilchen, yaani violet ya Usambara. Mama yangu ni Msambaa wa Lushoto, na hilo nawashukuru kwa dhati. Porini mmea huu hauko Afrika nzima, uko Tanzania na Kenya tu, umeng'ang'ania miamba ya misituni penye kivuli na unyevunyevu. Miti ikikatwa, jua likaupiga, unakufa. Aina kadhaa zimo hatarini kutoweka, na anayesikia "Afrika" atajuaje kuwa ni msitu gani wa kulindwa?

Tangu 2015, baada ya kupima vinasaba, wataalamu wameuingiza kwenye jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja) ya Streptocarpus, kwa hiyo hata jina la yule ofisa limeshushwa daraja.

Mimi kwenye vyungu vyangu naandika kwa maka peni: Ua la Usambara. Anayenunua namwelekeza auepushe na jua la mchana, amwagilie udongo na si majani, kwani maji yakitulia juu ya jani huacha mabaka. Akitaka kujua kwao hasa ni wapi, namwambia apande basi la Tanga, ashuke Muheza, kisha apandishe Amani.