Ubao wa Mtoto Haumfai Mzee

Baba yangu alipopatwa na kiharusi na kupoteza usemi, tulipewa ubao wa mawasiliano, wenye miraba ya picha ambazo mtu huzigusa badala ya kusema, uliokuwa umetengenezwa kwa ajili ya watoto: mpira, mwanasesere, maziwa, uso unaolia. Ulikuwa na mraba wa "shikamoo", lakini "marahaba" haikuwapo. Wajukuu walipomwamkia, mzee wa miaka 71 alilitafuta jibu lake kwa kidole, akalikosa, akausukuma ubao kando, na tangu siku hiyo hakuugusa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma juu ya mbao za aina hiyo na kuzitengeneza mwenyewe. Nchini Marekani, Kathryn Drager, Janice Light na wenzao walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya watoto wa miaka miwili na nusu wasio na ulemavu, wakaonyesha kwamba miraba iliyopangwa kwa safu huwatatiza, na kwamba hupata maneno kwa urahisi zaidi ndani ya picha moja ya mahali wanapopajua. Kwa mtoto wa umri huo kikombe hakielei peke yake katika kisanduku cheupe. Kiko mezani, jikoni, karibu na mama. Akikua na kuanza kuunganisha maneno, miraba humfaa, mradi neno lisihamishwe mahali pake, kwa sababu kidole huzoea njia.

Lililonishangaza ni kwamba picha ya mahali anapopajua inamfaa baba pia, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kiharusi kimemnyang'anya maneno, hakikumnyang'anya maisha yake. Kwa hiyo nimeweka kwenye kishikwambi picha ya karakana yake ya useremala: akigusa randa, yanatokea maneno ya kazi, akigusa benchi walilozoea kukaa wageni, yanatokea majina ya rafiki zake. Kwa kuwa haoni vizuri upande wa kulia, maneno yote nimeyasogeza kushoto, machache na makubwa. Sauti ya kuyatamka amerekodi baba mdogo, maana mzee hawezi kuzungumza kwa sauti ya mtoto mbele ya wakwe zake.

"Marahaba" ipo juu kabisa, katika kila ukurasa. Kinachonihangaisha sasa ni utani. Watani zake wanapokuja kumchokoza anacheka, kisha ananitazama mimi na kishikwambi, akisubiri jibu ambalo bado sijaliweka.