Kiingereza cha Marikiti

Ami yangu alikuwa akiuza viungo Marikiti. Soko lenyewe lilifunguliwa 1914, likapewa jina la Mackinnon, lakini sijapata kumsikia mtu wa Mombasa akiliita hivyo. Desemba ya 1992, shule zilipofungwa, mama alinipeleka nikamsaidie ami kupima na kufunga. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza darasa la nne, darasa ambalo chini ya mfumo wa 8-4-4 masomo yote isipokuwa Kiswahili yalianza kusomeshwa kwa Kiingereza. Ulikuwa mwaka mzito. Niliweza kunakili ubao mzima wa sayansi bila kuacha nukta, lakini ungeniuliza chumvi inaitwaje, ningekutazama tu.

Ami hakwenda shule. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, kisha akaingia kazini. Kiingereza alikiokota kwa wateja, neno moja moja, na alilookota halikumponyoka.

"Fumba macho," ataniambia asubuhi kabla watu hawajajaa. Atanitilia kitu kiganjani. Nanusa.

"Iliki, ami."

"Cardamom. Sema. Usiimeze mwisho wake."

Nasema mpaka aridhike, ndipo anipe kingine. Hivyo ndivyo nilivyozipata karafuu za Pemba, pilipili manga, tangawizi, na bizari nyembamba ambayo harufu yake hubaki kwenye kucha hata ukioga. Mdalasini aliuvunja kwanza karibu na sikio langu, ndipo akasema: "Cinnamon." Baadaye, nilipoyaona maneno hayo kwenye kamusi, nilistaajabu kwamba cinnamon na cloves yanaanza kwa herufi moja, c, na sauti zake ni mbili tofauti. Kiswahili hakikutesi hivyo: ukiona herufi, umeshajua inavyosemwa. Namshukuru ami hadi leo kwa kunitanguliza sikio, macho yakafuata.

Siku moja adhana ya alasiri ikaadhiniwa, ami akaenda kusali na kuniachia duka. Hapo hapo wakaja wazungu wawili, mke na mume, watu wazima. Yule mama akagusa gunia, akauliza hiki ni nini. Nikamjibu: cloves. Akagusa la pili, la tatu, nikamjibu. Kisha nikafanya alivyonizoesha ami. Nikaponda iliki moja kwa vidole, nikamsogezea. "Smell." Akanusa, akafumba macho, akamwita mumewe naye anuse.

Akaniuliza swali refu. Nililodaka humo ni cook peke yake, na likanitosha. "Pilau," nikamwambia.

"Pilau!" Neno lile alikuwa analijua.

Nikaanza kumpikia pilau pale pale juu ya meza. Vitendo kama kukaanga na kukoroga sikuwa navyo kwa Kiingereza, lakini majina nilikuwa nayo. Onion, nikamwonyesha kwa mkono namna ya kukoroga mpaka kiwe rangi ya gunia lile la mdalasini. Meat. Potato. Halafu nikatia kidole kwenye kila gunia kwa zamu yake: cumin, black pepper, cinnamon, cardamom, cloves. Mwisho kabisa, rice. Yule mama akatoa kidaftari mkobani, akawa anaandika. Nikiongeza jina, anaandika. Nilikuwa nimezoea kunakili ya watu. Sasa mtu mzima, mwenye lugha yake, ananakili yangu.

Ami alirudi nikiwa napima. Akasimama kando, kofia kichwani, hakutia neno. Nikafunga robo ya bizari na vikaratasi vya vingine, nikapokea pesa, nikarudisha chenji. Walipoondoka ndipo akaniuliza:

"Na thomu?"

Thomu nilikuwa sijui inaitwaje.

"Garlic," akasema ami. "Pilau gani haina thomu? Mkimbilie."

Nikatoka mbio katikati ya mikokoteni ya mananasi, nikawakuta wanangoja kuvuka Barabara ya Digo. "Garlic!" nikapiga ukelele. Yule mama akacheka, akafungua kidaftari palepale kwenye jua, akaandika, kisha akauliza ngapi. Nikamnyooshea vidole vyote vya mkono mmoja.

"Five. Big."