Matundu yametoka! Mkate wa kumimina, jaribio la 9

Jana usiku nimekata mkate wa tisa, na ndani mna matundu. Si vile vitobo vya kubahatisha vya pembeni kama kwenye wa sita. Haya yamesimama wima kutoka chini hadi juu, kama sega la nyuki. Nimempigia shangazi Tanga hata kabla sijaonja.

Ninachokifukuzia ni mkate wa bibi yangu wa Pangani. Aliupika alasiri za Ramadhani, nasi tukipitapita jikoni eti tunatafuta kamba ya ndoo. Vipimo hakuacha. Alipimia kikombe cha bati, na hicho nacho kimepotea.

Ladha niliipata tangu jaribio la 3: mchele nusu kilo uliolala kwenye maji usiku kucha, tui zito, sukari, hiliki, hamira. Kilichonitoa jasho ni gamba. Kila mkate chini una tabaka gumu, jeupe, linang'aa kama kipande cha sabuni ya mche, na mkate wenyewe umekaa juu yake. Nimebadilisha hamira mara 3. Nimepunguza tui, nimeongeza tui. Wa tano niliuacha uumuke saa 5 nzima, ukachacha hadi jirani akauliza kama siku hizi nagema mnazi.

Wiki mbili zilizopita nikasalimu amri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekushinda tena?"

Nikamweleza gamba. Akanyamaza kidogo.

"Uji umepika?"

Uji gani tena?

"Mwanangu, mchele uliosagwa unazama kama mchanga. Unachota upawa mmoja, unaukoroga motoni mpaka unakuwa uji, ukipoa unaurudisha. Huo ndio unaoushikilia usizame."

Miezi minne! Na uji huo nimeuona kwa macho yangu. Bibi akiukoroga kwenye kisufuria cha pembeni, mimi nikidhani ni wa mdogo wangu.

Basi wa nane nikaupika uji, ila neno "ukipoa" likanipita. Niliurudisha wa moto, hamira ikafa palepale, rojo likalala tuli hadi asubuhi. Wa tisa nilisubiri mpaka kidole kisihisi joto. Ndani ya saa moja na nusu rojo likajaa mapovu. Ute wa yai, sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto, kisha moto mdogo kabisa na bila mfuniko mpaka matundu yafunguke juu. Ukifunika mapema, mvuke unayaziba.

Neno moja kuhusu sufuria. Ile nyeusi ya kisasa isiyogandisha chakula ifaeni kwa mayai. Mkate huu unapinduliwa na sufuria yake juu ya moto ili uso uive, kwa hiyo lazima ung'ang'anie. Wa nne ulichomoka mzima mzima ukaangukia jiko la gesi, na hadi leo tundu moja la jiko haliwaki vizuri. Nimerudi kwenye sufuria nzito ya alumini, ya kawaida tu ya sokoni. Blenda naiheshimu kwa mchele, lakini tui nakuna kwa mbuzi. La pakiti lina harufu ya pakiti.

Bado uso wa wangu umeiva kwa madoa madoa. Bibi hakupindua kitu: alipalia makaa ya vifuu juu ya mfuniko, na nadhani ule moshi ndio ninaoukosa.

Leo nilipanga kupima kila kitu kwa mizani niandike vipimo kamili. Sikupima. Rojo lilibaki vikombe viwili, nikakumbuka chuma cha vitumbua kiko juu ya kabati tangu nihamie hapa, na sasa sielewi kwa nini vitumbua vinanigandia upande mmoja tu. Nimeloweka kilo nzima.