Kuni zote hizo munaachia nani?

Jumamosi, mwisho wa Agosti. Mikono yangu inanuka utomvu. Sabuni haiutoi, mke wangu amenipakaa mafuta ya kupikia ndipo vidole vikaachana.

Wiki ya pili sasa tunafyeka miteremko ya skii, ambako watu huteleza juu ya theluji, kwenye mlima mmoja huku kaskazini mwa jimbo la Vermont, Marekani. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, niliuona mlima kwa mbali una michirizi myeupe kutoka kileleni hadi chini, nikadhani ndivyo Mungu alivyouumba. Kumbe ni msitu uliokatwa, na msitu wenyewe haujakubali. Ukiuachia kiangazi kimoja, miiba ya rasiberi inafika magotini. Ukiuachia vitatu au vinne, mibetula imekupita kimo, na theluji nyembamba ya Desemba haiwezi kuifunika.

Mahali penye mteremko wa wastani trekta hupita na kumaliza kazi kwa asubuhi moja. Sisi tunapewa mahali ambapo trekta lingebiringika: kwenye mawe, kingoni mwa msitu, chini ya nyaya za viti vinavyopandisha watu mlimani. Wawili wanabeba mashine za kufyekea zenye msumeno wa duara, zimening'inia mabegani kwa mikanda. Mimi nina mkasi mrefu wa kupogolea na msumeno wa mkono. Usubi wa Juni wameshapungua, ila kupe wapo. Kila jioni tunajikagua hadi nyuma ya magoti, maana kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme.

Nilikuja na mkono wa panga. Mkono wa panga hukata mshazari, na mshazari huacha ncha. Siku ya kwanza nilikwenda haraka sana, nikajiona mwanamume. Mzee anayetuongoza hakunigombeza. Alirudi nyuma yangu, akapiga magoti, akaanza kukata upya visiki vyangu kimoja kimoja, bapa, usawa wa udongo. Nilipomfikia alinishika kiganja, akakibonyeza taratibu juu ya ncha moja ambayo alikuwa bado hajaigusa. Akaniambia, "Hapa ndipo watoto wanapojifunzia." Sikuwa na la kujibu. Nilipiga magoti kando yake, tukarudia kazi yangu yote mpaka chakula cha mchana.

Tangu siku hiyo naijua miti kwa tabia zake. Msonobari mdogo ni mpole: ukiukata chini ya tawi lake la mwisho, umekwisha, haurudi. Mepo ni mkaidi. Shina moja unalokata leo litakurudishia machipukizi matano mwakani, ndiyo maana kazi hii haina mwisho. Na hatung'oi mizizi hata ikituchosha vipi, kwa sababu ndiyo inayoshika udongo. Mlima una mifereji iliyochimbwa kimshazari kukatiza mteremko, itoe maji ya mvua pembeni, msituni, kabla hayajapata nguvu. Tawi moja likiziba mfereji, maji yanajitafutia njia yao. Baada ya mafuriko ya Julai 2023, yale yaliyoingia katikati ya mji wa Montpelier, huku hakuna anayeuchukulia mfereji kimzaha. Ninaisafisha kwa mikono, ninaipenda kuliko kazi nyingine zote.

Karibu na kilele hatukugusa kitu mpaka mwezi huu. Kule kwenye misonobari mifupi iliyobanana hutaga ndege mmoja wa kahawia anayeitwa Bicknell, na makinda yake lazima yaruke kwanza. Majira ya baridi huenda visiwa vya Karibi, zaidi Haiti na Jamhuri ya Dominika. Nimefurahi kwamba sheria ya watu inamngoja ndege.

Njia za kwanza za skii za mlima Mansfield, mrefu kuliko yote Vermont, zilikatwa kuanzia 1933, wakati wa shida kubwa ya ajira, na vijana walioajiriwa na serikali. Charlie Lord, mhandisi, ndiye aliyewapangia mistari. Nawaza mikono yao. Walikuwa na mashoka na misumeno ya kuvuta watu wawili.

Jambo ambalo sijalizoea ni miti iliyokatwa. Tunaiburuta hadi ndani ya msitu, tunaikatakata ilale chini, iguse udongo, ioze. Basi. Mashina unene wa mkono wangu, yaliyonyooka, tunayaacha. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Mama alikuwa anatoka alfajiri na kamba na panga kutafuta kuni, na sisi tulikaa mlangoni tukihesabu wanawake wanaorudi. Wengine walirudi bila kitu. Wengine walirudi wameumizwa. Mzigo mmoja wa kichwa ulipika maharage siku tatu, kama ukibana moto.

Leo wakati wa chakula nilimpigia Mama kwa video. Huku saa sita mchana, kule Kigoma saa moja jioni, giza linaingia. Nikamwonyesha bonde, viti vya lifti vilivyosimama tupu, mwenzangu anayenoa msumeno. Kisha simu ikapita juu ya rundo.

"Mwanangu, kuni zote hizo munaachia nani?"

Nikamweleza: zinaoza, Mama, zinarudi udongo, udongo wa mlima huu ni mwembamba, unazihitaji. Nilieleza vizuri, kama nilivyoelezwa.

Akanyamaza. Nilisikia masufuria nyuma yake, na mtoto wa jirani akilia. Halafu akaniomba nirudishe simu palepale, nimwonyeshe tena, polepole.